Azimio la Tambuu

Naitwa Elieshi, na mimi ndiye niliyeigeuza tambuu kuwa dawa ya kulevya. Sikuhitaji maabara. Nilitumia kompyuta yangu ya mezani, saa saba mchana, foleni ya wateja ikiwa imefika mlangoni, na kazi nzima haikunichukua hata dakika tano.

Nina steshenari Mtaa wa Kisima cha Chumvi, pale Kariakoo inapokwisha na Mchafukoge inapoanza. Natoa kopi, nachapa, napiga vyeti lamineshini. Watu wa huku hawana muda wa kuandika. Mtu anaingia na mzigo begani, anasema, "Dada Eli, nifanyie mkataba wa pango fasta," nami siwezi kuanza kumtungia. Nafungua mkataba wa mtu wa jana, natoa jina lake, naweka la huyu, nabadilisha tarehe, nachapa. Kila mwenye steshenari mjini hapa anafanya hivyo, na atakayekuambia hafanyi, muulize ana wateja wangapi. Ipo mikataba yangu inayotaja nyumba ya Magomeni wakati mpangaji anaishi Buguruni, na amekaa humo mwaka wa tatu bila ugomvi na mtu.

Siku hiyo aliyekuja ni Samson, mwenyekiti wa mtaa wetu, muuza mabegi ya jumla. Samson ni mtu wa kwetu Kilimanjaro. Tuko chama kimoja cha kufa na kuzikana, na mdogo wangu Godbless alipofariki, yeye ndiye aliyehangaika kutafuta gari la kumpeleka nyumbani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumsahau, na Samson anajua kwamba huwezi.

Alitaka azimio la mkutano wa wananchi wa Jumapili lichapwe, liende kata. Mimi nilikuwepo kwenye huo mkutano. Tulizungumza habari za mitaro, za taka, za taa ya barabarani iliyokufa tangu Pasaka. Karibu na mwisho, Samson akasema mate mekundu ya tambuu yanachafua ukuta wa jengo la kona, na wachache wakaitikia, maana ni kweli yanachafua. Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyeulizwa kitu. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda moja moja, tukatawanyika.

"Lile azimio letu la unga bado unalo?" aliniuliza.

Nikamwambia ninalo.

"Tumia lile lile. Kila penye heroini, weka tambuu. Nalitaka sasa hivi."

Nikaiamuru kompyuta ibadilishe neno, ikabadilisha mahali kumi na moja kwa mpigo, nikachapa nakala nne. Samson akagonga muhuri, akaambatisha ile karatasi ya mahudhurio yenye majina arobaini na matatu, langu likiwa la sita. Sikusoma hata mstari mmoja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusoma, na jibu lenyewe linanitia aibu. Sikusoma kwa sababu azimio hilo nalijua kwa moyo.

Nililiandika mwenyewe, miaka saba iliyopita, wiki ya pili baada ya kumzika Godbless. Alikutwa asubuhi kwenye uchochoro nyuma ya stoo za viatu, ana miaka ishirini na sita, bomba la sindano bado liko mkononi. Mtaa ulipotaka kupeleka kilio chake juu, polisi wawashughulikie wauzaji wa unga, nikasema niachieni mimi. Nikaandika: "Sisi wananchi wa Mtaa wa Kisima cha Chumvi, kwa kauli moja, tumechoshwa na heroini, dawa ya kulevya inayowapora vijana wetu akili, inayowafanya waibe redio ya mama yao, inayowaua kabla hawajaoa." Maazimio hayaandikwi hivyo, najua. Redio ilikuwa ya mama yetu, na aliyeiiba ni Godbless. Niliandika nikilia, na mtaa mzima ukasaini ukijua unasaini nini.

Ndiyo maneno niliyompa Samson, bure, foleni ikiwa mlangoni.

Aliyeuza tambuu mtaani kwetu ni mtu mmoja tu, Bi Siti Shaibu. Ni mama wa makamo ya juu, mtu wa Lindi, na amekaa kwenye ile kona miaka thelathini na mmoja. Ana meza fupi, sinia, majani ya mtambuu kwenye kitambaa kibichi, popoo zilizokatwa, chokaa kwenye kopo dogo, na tumbaku kwa anayeitaka. Wanaonunua ni wazee wa Kihindi wa maghorofani, madereva wa malori, na kina mama wanaotayarisha harusi. Mimi tambuu siipendi. Madaktari wanasema popoo na tumbaku zinaleta saratani ya kinywa, na siwabishii. Bi Siti mwenyewe nimemsikia akimfukuza mteja aliyekuja mara ya nne kwa siku moja. Na mate ni mate, yanakera. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukutwa amekufa uchochoroni kwa sababu ya Bi Siti.

Jumanne walikuja mgambo wawili wakabeba meza, sinia na kila kilichokuwa juu yake. Kisha wakabandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mimi nilikuwa nasikia kelele kwa mbali, nikadhani ni machinga wanafukuzwa kama kawaida. Baada ya nusu saa Bi Siti aliingia dukani kwangu akiwa ameshika lile tangazo, amelibandua mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti yake ile ile ya kila siku, akaniwekea karatasi mezani.

"Nitolee kopi mbili," alisema. "Moja yangu, moja nampelekea mkwe wangu Temeke. Nataka asome mwenyewe, asije akasimuliwa na watu."

Nikaichukua kuiweka kwenye mashine, macho yakaangukia juu yake. Palikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, KUPAMBANA NA DAWA ZA KULEVYA, na chini yake jina: Siti Shaibu, muuzaji. Halafu yakafuata maneno yangu. Tumechoshwa na tambuu, dawa ya kulevya inayowapora vijana wetu akili. Inayowafanya waibe redio ya mama yao. Inayowaua kabla hawajaoa.

Nikakaa. Nilimwona Godbless, nikamwona mama amekaa karibu na kabati lisilo na redio, na katikati yao wamemsimamisha Bi Siti na sinia lake kama ndiye aliyewafanyia yote hayo. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja ile kompyuta, na sikuwa na wa kumkasirikia zaidi ya mwenye mikono iliyoandika.

"Bi Siti," nilisema, "hii nimeichapa mimi."

 Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

"Kama umeiandika wewe, basi na kuifuta utaifuta wewe," alisema. "Nipe kopi zangu."

Jumamosi ilikuwa ndiyo siku ya kikao cha kamati ya maendeleo ya kata. Azimio likipita pale, linakwenda manispaa na nakala inakwenda polisi, na Bi Siti anabaki kwenye makabati ya serikali kama muuza dawa za kulevya mpaka kufa kwake. Nilikuwa na siku nne.

Nilianza na Samson. Nilimkuta dukani kwake, katikati ya mabegi yaliyopangwa mpaka darini, nikamwambia azimio lina makosa, tulirudishe. Hakujitia hamnazo. Alinivutia kiti, akaniagizia maji baridi, akanieleza kama mtu anavyomweleza dada yake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba. Watu watamuuliza amefanya nini miaka mitano, na mitaro ile ile bado inanuka. Isitoshe mwenye jengo la kona alitaka kutoa frem mbili za maduka zinazotazama barabara, na meza ya Bi Siti ilikuwa imekaa pale pale ambapo mlango ungefunguliwa. Jamaa huyo alikuwa ameahidi kusaidia kampeni.

"Si ungesema mate?" nilimuuliza. "Ungesema uchafu."

"Nikisema uchafu, watasema tumnunulie ndoo ya kutemea, na kesho yupo pale pale," alisema. "Nikisema dawa za kulevya, Eli, hakuna atakayeuliza swali. Nani atasimama kutetea dawa za kulevya?"

Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba mimi hasa, mwenye mdogo aliyeuawa na unga, watu watanishangaa nikionekana upande huo. Nilisimama nikaacha maji yake bila kuyaonja. Kuna matusi nilikuwa nayo mdomoni ya Kichaga na ya Kiswahili, nikayameza yote, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kazi yenyewe ilivyo na sikutaka kuipotezea nguvu.

Nikatoa kopi ya karatasi ya mahudhurio na kuanza kuwapitia wale arobaini na watatu, mmoja mmoja. Nilikuwa nimeandaa maelezo mafupi tu: mimi niliyesaini hapa nilihudhuria mkutano, sikukubali wala kuulizwa kuhusu azimio hili la dawa za kulevya. Nilidhani kufikia Jumatano jioni nitakuwa nimemaliza.

Wa kwanza alikuwa Shukuru, muuza mikanda na pochi mlangoni pa maduka ya Wahindi, kijana msemaji anayejua kila kinachopita mtaani. Shukuru anakula tambuu ya Bi Siti kila siku baada ya chakula cha mchana, na meno yake yanasema hivyo. Alisoma maelezo yangu, akasoma tena, akanirudishia kalamu.

"Dada Eli, ungeandika mate ningesaini hata mara mbili," alisema. "Hapa umeandika dawa za kulevya. Nikisaini, kesho mgambo wanapekua pochi zangu moja moja."

Nikamwambia anajua kabisa tambuu si dawa za kulevya. Akasema anajua, mimi najua, na Samson anajua, lakini karatasi inasema vingine na yeye ana bidhaa barabarani. Kwa wengine mambo yalikuwa yale yale. Mama lishe wa nyuma ya msikiti alisema mumewe hataki mambo ya polisi. Fundi simu alisema angesaini kama wengine wangetangulia. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alinishika mkono, akaniuliza kwa huruma kama nimeanza kutumia. Siku tatu nilizunguka, duka likifunguliwa nusu nusu, nikapata saini nne, na mbili kati ya hizo ni za watu wanaohama Dar mwezi ujao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Samson ana akili kuliko nilivyomdhania. Hakuhitaji kuwashawishi watu kwamba tambuu ni mbaya. Alihitaji kuipa jina ambalo mtu mzima mwenye familia hawezi kusogea karibu nalo.

Ijumaa asubuhi alikuja Mzee Hafidhi kutoa kopi za karatasi zake za pensheni. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hana karatasi anayoiona mezani asiisome. Akasoma tangazo la Bi Siti, lililokuwa bado mezani kwangu, akiwa amesimama, mpaka mwisho, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kisha akaomba kiti.

Aliniuliza limetoka wapi, nikamweleza lote, pamoja na lile la kubadilisha neno. Hakucheka. Akanisimulia habari za babu yake, aliyetoka kusini akiwa kijana kwenda kukata mkonge upande wa Morogoro, zama za Mwingereza. Jioni wakimaliza kazi walikuwa wanavuta bangi kidogo, wanapiga hadithi, wanalala. Msimamizi wa shamba akawa anapeleka malalamiko kwamba watu hawa asubuhi hawaamki na kengele. Siku moja wakakamatwa wanane, wakasomewa karatasi kwamba jambo hilo limekatazwa kwa faida yao wenyewe.

"Babu alifungwa miezi mitatu," Mzee Hafidhi alisema. "Na unajua kifungo alikitumikia wapi? Shamba lile lile. Alikata mkonge ule ule, safari hii bila ujira. Mimi sisemi bangi ni maziwa, nimeona mahakamani vijana walioharibika nayo. Lakini siku ile hakuna aliyeuliza habari ya akili ya babu. Waliuliza habari ya mkonge."

Nikamwambia kwamba Godbless angekuwa hai kama unga ungezuiwa kweli. Akasema anajua, na ndiyo maana lazima mtu awe mkali zaidi na wanaoazima jina hilo kwa shughuli zao. Katika miaka yake yote mahakamani, alisema, alichojifunza ni kwamba katazo la kweli na katazo la mkonge huwa yameandikwa kwa maneno yale yale, na mtu hawezi kuyatofautisha mpaka ayasome taratibu. Kisha akazitazama saini zangu nne.

"Acha kukusanya saini. Watu wanaliogopa neno, na huwezi kuwatibu hofu kwa siku moja. Nenda kwenye kikao ukawasomee lenyewe, lote, polepole."

Jioni ile nilifungua kompyuta na kufanya tena kile kile kilichoniingiza matatani. Safari hii nilikifanya nikiwa na akili zangu.

Ukumbi wa kata una viti vya plastiki na feni moja inayofanya kazi. Diwani alikaa mbele, kulia kwake mtendaji wa kata, mwanamke mmoja makini asiyeinua sauti, na wenyeviti wa mitaa wamejipanga pembeni na mafaili yao. Bi Siti alikaa nyuma kabisa, baibui limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Samson aliponiona akatabasamu, nadhani aliamini nimekuja kama mchapaji. Ajenda yetu ilipofika, akasimama akaeleza kwa ufupi kwamba wananchi wake arobaini na watatu wamekataa dawa za kulevya, akaomba wajumbe wapitishe. Mjumbe mmoja alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi ndiye niliyeandika hilo azimio na naomba kulisoma, maana hakuna aliyelisoma. Diwani akatazama saa, akaniruhusu.

"Sisi wananchi wa Mtaa wa Kisima cha Chumvi," nilisoma, "kwa kauli moja, tumechoshwa na kahawa, dawa ya kulevya inayowapora vijana wetu akili."

Wakageukiana. Mwenyekiti mmoja akaanza kupekua faili lake. Nikaendelea: yeyote atakayekutwa anauza kahawa, anahifadhi kahawa au anakaa kwenye kijiwe cha kahawa, akabidhiwe kwa vyombo vya dola. Watu wakaanza kucheka, maana kikombe cha kahawa kilikuwa mbele ya diwani mwenyewe. Nikaweka chini karatasi hiyo, nikachukua ya pili, nikasoma kwamba tumechoshwa na soda. Nikachukua ya tatu, ya chai ya maziwa. Nilisoma kwa sauti ile ile, sikuruka mstari, na kila moja ilikuwa na muhtasari kamili na nafasi ya muhuri chini.

"Hizi zote nimezichapa jana kwa dakika kumi," niliwaambia. "Karatasi haikukataa hata moja. Ya tambuu nayo ilichapwa hivi hivi, nikiambiwa toa neno hili, weka lile."

Diwani alikuwa bado anatabasamu. Akauliza kwa utani, hii redio ya mama yao inayotajwa kila mahali ni redio ya nani?

"Ni ya mama yangu," nilisema.

 Nikawaambia habari za Godbless, bila kupamba. Nikasema azimio la kwanza lilikuwa la unga, nililiandika mimi baada ya mazishi, na kila neno lililomo lilimtokea mtu. Nikasema kwamba mwenye kutaka kupambana na unga, mimi niko mbele yake, nitamchapia bure mpaka nizeeke. Mwenye kutaka kona ya jengo aandike kwamba anataka kona, na mwenye kuchukia mate aandike mate, tubishane kama majirani.

"Lakini maneno ya msiba wangu nayataka," nilisema. "Sikuyatoa ili yamfukuze mama mzima kwenye meza yake. Nayaomba yarudi."

 Samson akasimama kusema kwamba dada yake ana uchungu, watu wamwelewe, ila saini za wananchi ziko pale na wananchi ndio wenye mamlaka. Mtendaji wa kata akaivuta ile karatasi, akaitazama juu na chini.

"Hapa juu pameandikwa mahudhurio," alisema. "Walisaini kukubali nini?"

Samson akaanza kueleza. Kabla hajafika mbali, mtu akakohoa mlangoni. Alikuwa Shukuru, na mikanda yake bado inaning'inia begani, maana hakuwa na wa kumwachia.

"Samahani, waheshimiwa," alisema. "Mimi ni namba kumi na saba. Nilisaini soda."

Nilimpenda Shukuru siku hiyo kuliko ndugu wa damu. Nyuma yake alikuwepo mama lishe, akasema na yeye namba thelathini, na mumewe akitaka kugomba agombe. Azimio liliondolewa mezani bila kupigiwa kura. Diwani, ambaye naye ana uchaguzi wake, alisema maneno marefu kuhusu haki za wanyonge, na ukimsikiliza ungedhani alikuwa nasi tangu Jumanne.

Samson alinipita nje bila kunisalimia. Frem yangu ni ya shemeji yake, kwa hiyo barua ya kunitaka nihame mwisho wa mwezi ilinifikia kesho yake, Jumapili, imechapwa kwenye steshenari ya jirani. Chama cha kuzikana nacho hakikuniita kwenye kikao kilichofuata. Nimeumia, sitasema uongo. Lakini nilipata frem nyingine mbali kidogo, ndogo na yenye joto, na siku niliyoilipia nililala vizuri.

Jumatatu asubuhi mgambo wale wale walirudisha meza na sinia. Samson alikuja nao, amevaa shati jeupe, na watu wakajaa kuangalia, nami nikiwemo. Alikuwa na tangazo jipya aliloandika kwa mkono, lenye muhuri, akamkabidhi Bi Siti mbele ya watu na kumwambia kwa sauti kwamba mambo yamekwisha, akae afanye biashara yake.

Bi Siti akavaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akalikunja tangazo, akamrudishia.

"Umeandika nimesamehewa," alisema.

Samson akasema ndiyo, bibi, umesamehewa, mtaa hauna kinyongo na wewe.

"Anayesamehewa ni aliyekosa. Mimi nilikosa nini?"

Samson akacheka kidogo, akawatazama watu wamsaidie kucheka. Akasema ni lugha tu ya ofisi, na mtu ameshapata kona yake, anataka nini tena.  Bi Siti hakuigusa meza. Alisimama kando yake juani, mkoba umefungwa, na mteja wa kwanza alipokuja kuomba tambuu akamwambia bado hajafungua. Wa pili naye akamwambia hivyo. Ikafika saa tano, wateja hawakuondoka, walibaki wamesimama naye, na wapita njia wakawa wanauliza kuna nini. Wakiuliza, Shukuru anawaeleza, tangu mwanzo, pamoja na soda.

Saa sita kasoro, nikiwa nimerudi kwenye duka langu la zamani ambalo nilikuwa sijalihama, Samson akaja, jasho limelowanisha kola. Akasema niandike chochote anachotaka yule mama, tuyamalize. Nikafungua ukurasa usio na kitu. Niliandika mistari miwili, nikaichapa kwa herufi kubwa zile zile za tangazo la kwanza, tukatoka nayo mpaka kwenye kona.

Bi Siti aliisoma kwa sauti. "Siti Shaibu hakuuza dawa za kulevya. Serikali ya mtaa ilikosea."

Akaiweka juu ya meza yake tupu, akalaza kalamu kando. Samson akaweka kidole kwenye ule mstari wa pili. Akaniuliza, kwa Kichaga, nina haja gani ya kumwaibisha mtu wa kwetu miezi miwili kabla ya uchaguzi. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, kwamba anaweza kuukata mstari huo kwa kalamu ile ile kama anaona si kweli.

Hakuukata. Aliinama juu ya meza ya tambuu, wapiga kura wake wakiwa wamemzunguka, akaandika jina lake chini ya neno ilikosea, akagonga muhuri. Bi Siti akasubiri wino ukauke, ndipo akafungua mkoba akatoa majani.